Kuzidi si Kutimiza

Yako maneno mawili ambayo siku hizi husikika sana tunapotoka katika darasa la kompyuta, nayo hunikera. La kwanza ni kwamba kuiandikia kompyuta programu ni kazi ya wenye Kiingereza kingi. La pili, ambalo ni mtoto wa lile la kwanza, ni kwamba sisi wa Lipingo, tuliokaa kati ya ziwa na milima ya Umatengo, tumekwisha kuchelewa, na afadhali tuwaachie wenzetu wa mijini. Naomba nafasi katika gazeti letu niyapinge yote mawili. Na kwa kuwa kupinga kwa maneno matupu hakumgeuzi mtu, nitachukua sehemu moja tu ya kazi hiyo, tena ndogo kabisa, nayo ni zile alama za kulinganisha. Nasema kwamba anayekosea hapo mara nyingi hakuponzwa na Kiingereza. Ameponzwa na kutoamua, kwa Kiswahili chake mwenyewe, anataka kusema nini.

Alama zenyewe ni sita. Katika lugha ya Python, iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, na ambayo hufundishwa wanaoanza katika nchi nyingi, huandikwa hivi: < maana yake pungufu kuliko, > zaidi kuliko, <= pungufu au sawa, >= zaidi au sawa, == sawa, na != si sawa. Ukiiweka alama mojawapo katikati ya vitu viwili, umeiuliza mashine swali, nayo haina majibu ila mawili, ndiyo au siyo. Haisemi "karibu". Haisemi "yategemea". Wala haikuulizi ulikuwa na maana gani. Uliza 7 > 7, itajibu siyo. Uliza 7 >= 7, itajibu ndiyo. Kijistari kimoja kimegeuza jibu.

Mtu asichanganye = na ==. Katika Python ile ya mstari mmoja mmoja ni amri: weka namba hii ndani ya jina hili. Ile iliyorudiwa mara mbili ni swali: je, hivi ni sawa? Aliyezoea hesabu za ubaoni huona jambo hilo kama usumbufu, nami simlaumu, lakini amri na swali hata katika lugha yetu havisemwi kwa sauti moja.

Sasa nionyesheni Kiingereza kilichomo ndani ya alama hizo. Ni kweli kwamba waliozitunga walikuwa watu wa Uingereza. Robert Recorde, mtu wa Wales, aliitoa = katika kitabu chake cha mwaka 1557, akachora mistari miwili sambamba kwa kuwa hakuona vitu viwili vinavyolingana kuliko hiyo. Zile < na > zilionekana katika kitabu cha Thomas Harriot kilichochapwa mwaka 1631, miaka kumi baada ya kufa kwake. Lakini alama iliyochorwa haina lugha. Katika miaka ya 1960 waandishi wa lugha ya Fortran walilazimika kuandika herufi GT, zenye nukta mbele na nyuma, mahali pa >, kwa sababu mashine zao za kutobolea kadi hazikuwa na alama hiyo. Hizo ndizo herufi za Kiingereza hasa. Ilipokuja Fortran 90, alama za Harriot zikakubaliwa, na herufi zile zikaachwa kwa wenye mazoea. Basi mtoto aliyejifunza < na > kwa Kiswahili katika shule ya msingi, akaambiwa hii ni "ndogo kuliko" na hii ni "kubwa kuliko", ana haki nazo sawasawa na mtoto wa London.

Shida haiko katika alama. Shida iko mpakani.

Sisi wa pwani ya Nyasa hatuhitaji kufundishwa kwamba mpaka ni jambo zito. Tangu mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, watu wamebishana kama mpaka wa nchi hupita ukingoni mwa ziwa au katikati ya maji. Kwa mvuvi wa usipa jambo hilo si la karatasini. Lakini tazama jinsi neno lenyewe "mpaka" linavyotuchezea tunapohesabu. Mwalimu akisema, "Someni ukurasa wa 1 mpaka wa 10," kila mtu husoma na wa 10. Ukiiambia Python ihesabu kwa amri ya range(1, 10), itahesabu 1 mpaka 9, na kusimama. Kwake, namba ya mwisho ni ukuta, si chumba. Hakuna aliyekosea. Ni desturi mbili tu, na asiyeuliza ni ipi ndiye atakayepungukiwa na ukurasa.

Kwa bahati njema Kiswahili kina maneno makali ya kufanyia kazi hii, kama tutakubali kuyatumia. Kuzidi ni >. Kutimiza, au kutopungua, ni >=. Kupungua ni <. Kutozidi ni <=. Katiba yetu ya mwaka 1977 husema kwamba mwenye haki ya kupiga kura ni raia aliyetimiza umri wa miaka 18. Aliyetimiza, siyo aliyezidi. Mtu anayeandika programu ya daftari la wapiga kura, akihesabu umri kwa miaka mizima, akaweka umri > 18 badala ya umri >= 18, amemwambia kijana wa miaka 18 angoje mpaka awe na 19. Na kwa kuwa uchaguzi mkuu huja kila baada ya miaka mitano, kijana huyo aweza kungoja mpaka 23. Mashine haitatoa hata mlio mmoja wa kulalamika. Imefanya ilivyoambiwa.

Majirani zetu wa Kenya waliyaweka yote mawili ndani ya kifungu kimoja cha Katiba yao ya mwaka 2010. Anayetaka Urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na tena apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Hapo mna > mbili na >= moja. Kaunti ni 47, nusu yake ni 23 na nusu, basi zahitajika 24. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kuwa amepata kura 6,173,433 katika kura 12,330,028, yaani asilimia 50.07. Alipita nusu kwa kura elfu nane na mia nne hivi. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu, moja ya maswali lilikuwa kama kura zilizoharibika zihesabiwe miongoni mwa "zilizopigwa", na Mahakama ikasema zisihesabiwe. Huku kwetu, kabla ya mwaka 2000 mshindi wa Urais naye alitakiwa kuzidi nusu. Tangu badiliko la mwaka huo hulinganishwa na wagombea wenzake tu, yaani awe na kura nyingi kuliko mwingine yeyote. Alama ni ile ile ya >. Kilichobadilika ni kile kilichowekwa upande wa pili wa alama. Nasema haya ili mtu asidhani kwamba alama hizi ni mchezo wa watoto wenye mashine.

Nije kwenye saa, maana hapa ndipo Kiswahili chetu huikanganya mashine kweli kweli. Tuseme kengele hupigwa saa 1:00 asubuhi, na mwanafunzi ameandika programu ya kutaja waliochelewa: kama saa ya kufika ni zaidi ya 1, andika jina lake. Anakuja mtoto mwenye bidii saa 12:40 asubuhi, na umande bado uko majanini. Mashine yatazama 12, yatazama 1, yaona 12 > 1, na jina la mtoto huyo linaingia katika orodha ya wachelewaji! Kila Mswahili ajua kwamba saa 12 asubuhi hutangulia saa 1. Lakini hilo hatukuiambia mashine, tulidhani yajua. Na wenye Kiingereza wasicheke, kwa maana wao nao mchana wana 12:40 inayotangulia 1:00, nao huanguka katika shimo hilo hilo.

Dawa yake ni kuacha kulinganisha majina ya saa na kulinganisha muda. Ile 12 igeuzwe 0, kisha saa izidishwe kwa 60 na dakika zijumlishwe. Saa 12:40 huwa 40, saa 1:00 huwa 60, saa 1:05 huwa 65. Sasa sharti ni dakika > 60. Angalia tena mpakani: ukiandika >= 60, hata yule ambaye mguu wake umekanyaga mstari wakati kengele inalia amechelewa. Ugomvi huo viranja wanaujua tangu zamani, kabla ya kompyuta.

Kosa jingine hutokana na kulinganisha vitu visivyo vya namna moja. Mtu akichapa 100 katika kibodi, Python huipokea kama maandishi mpaka uiambie kuwa ni namba. Na maandishi hulinganishwa kama katika kamusi, herufi kwa herufi kutoka kushoto. Kwa hiyo "100" ni pungufu kuliko "45", maana 1 hutangulia 4, na zilizobaki hazitazamwi. Mwenye alama zote mia amewekwa nyuma ya mwenye 45. Ukijaribu kulinganisha maandishi na namba kwa <, Python hukataa na kusimama, ilhali JavaScript hugeuza kimya kimya na kuendelea. Mimi namheshimu zaidi anayekataa. Ndivyo ilivyo na majina pia. "Lipingo" < "Liuli" ni ndiyo, kwa sababu p hutangulia u. Lakini andika "liuli" kwa herufi ndogo, nawe utaona "Mbamba Bay" imetangulia, kwa kuwa katika hesabu ya mashine herufi kubwa zote za A mpaka Z huja kabla ya ndogo. Na "Komba" si sawa na "Komba " yenye nafasi moja tupu mwishoni, ingawa jicho halioni tofauti.

Mizani nayo nitaitaja kwa ufupi. Pima dagaa kilo 0.1, ongeza kilo 0.2, uiulize mashine kama jumla == 0.3. Itajibu siyo. Mashine huhesabu kwa mbili mbili, na humo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho katika hesabu zetu za kumi. Hivyo huikata mahali fulani, na kinachokatwa hubaki kama vumbi katika jumla. Kwa hiyo anayeandika programu ya kupimia dagaa au kahawa ya Mbinga na ahesabu kwa gramu nzima. 100 na 200 ni 300, na hapo hakuna vumbi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, yaani alama zetu za mtihani. Jedwali la madaraja ya Kidato cha 4 la Baraza la Mitihani kila mmoja wetu analijua kwa moyo: A ni 75 mpaka 100, B ni 65 mpaka 74, C ni 45 mpaka 64, D ni 30 mpaka 44, na F ni 0 mpaka 29. Kwa namba nzima jedwali hilo halina kasoro. Lakini sisi shuleni huchukua alama za majaribio na za mtihani wa muhula, tukatafuta wastani, na wastani hauahidi kuwa namba nzima. Mwenye 43 na 46 ana 44.5.

Mpe mwanafunzi jedwali hilo aliandikie programu. Ataandika kama alivyoliona: kama alama >= 75 na <= 100, toa A; kama sivyo, lakini ni >= 65 na <= 74, toa B; kama sivyo, lakini ni >= 45 na <= 64, toa C; kama sivyo, lakini ni >= 30 na <= 44, toa D; waliobaki wote, F. Lasomeka vizuri, tena ni tafsiri ya uaminifu. Mpe sasa mwenye 44.5. Si >= 45, basi hapati C. Si <= 44, basi hapati D. Ameanguka katika ufa kati ya vyumba viwili, na sakafuni mna F. Aliyepata 30 kamili amefaulu, na aliyemzidi kwa alama kumi na nne na nusu amefeli. Na mwenye 74.5, ambaye alibakiza nusu ya alama tu afike A, naye amepewa F. Mwalimu mwenye daftari na kalamu nyekundu asingeweza kufanya jambo hilo hata akiwa na usingizi, kwa kuwa angeona kwa macho kwamba halina maana. Mashine haioni maana. Na karatasi iliyotoka katika mashine huaminiwa upesi kuliko ya mkono, ndiyo maana naogopa.

Njia iliyo salama ni kuitupa mipaka ya juu yote na kushuka ngazi: kama alama >= 75, A; kama sivyo, >= 65, B; kama sivyo, >= 45, C; kama sivyo, >= 30, D; kama sivyo, F. Hapana ufa, maana kila chumba huanzia pale kingine kinapoishia. Lakini ngazi lazima ishukwe kutoka juu. Anayeanza na >= 30 atampa D hata mwenye 98, kwa kuwa mashine huridhika na ndiyo ya kwanza inayokutana nayo na haitazami nyingine.

Nafasi darasani nayo ina mtego wake. Nafasi yako ni idadi ya waliokuzidi, ukiongeza moja. Waliokuzidi, yaani >. Ukiweka >= utajihesabu na wewe mwenyewe, na darasa zima halitakuwa na wa kwanza. Na anayepanga matokeo ya Kidato cha 4 kwa pointi akumbuke kwamba huko mambo yamepinduliwa: pointi 7 ndizo bora kuliko zote, Daraja la Kwanza ni 7 mpaka 17, na mwenye 34 hana cheti cha kujivunia. "Kubwa kuliko" si sawa na "bora kuliko". Hilo mashine haliijui kamwe. Lazima mtu aliseme.

Turudi kwa yule wa 44.5. Tumeuziba ufa, na sasa ana D. Je, ni haki? Wengine husema nusu ipandishwe, awe na 45, apate C. Wengine husema hakutimiza, basi. Mimi nauona wa kwanza una utu zaidi, lakini naweza kuishi na uamuzi wowote, mradi uwe wa watu na uwe mmoja kwa wote. Nisichoweza kukikubali ni kuachia jambo hilo amri iliyomo ndani ya mashine. Python ina amri ya kufanya namba iwe nzima, round, na wengi hudhani hupandisha kila nusu. Haifanyi hivyo. Nusu kamili huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Basi 29.5 huwa 30, na mwenyewe huokoka na D. Lakini 44.5 huwa 44, na 64.5 huwa 64, na 74.5 huwa 74. Nusu ile ile humwinua mmoja na kuwaacha watatu chini, kwa sababu tu 30 hugawanyika kwa mbili na 45, 65 na 75 hazigawanyiki. Kanuni hiyo ina kazi yake kwa wanaojumlisha namba maelfu, maana huzuia jumla isipande bila sababu. Kwa kumpa mtoto daraja haifai hata kidogo.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wenzangu wa darasa la kompyuta: kabla hujagusa kibodi, sema sharti lako kwa sauti, kwa Kiswahili, ukitumia kuzidi, kutimiza, kupungua au kutozidi, na jirani yako akuulize, "Na aliye pale pale je?" Kisha programu ikiisha, ijaribu kwa namba nne kwa kila mpaka: 44, 44.5, 45 na 46. Ni kazi ya dakika mbili. Kwa walimu wetu, kwa heshima: madaraja ya muhula huu yakitolewa kwa kompyuta, ubandikwe kwanza kwenye ubao wa matangazo mstari mmoja wa Kiswahili, kabla ya mtihani na si baada yake, utuambie kama mwenye 44.5 ametimiza 45 au hakutimiza.